Nenosiri la Wi-Fi limo ndani ya simu lakini hulioni: pa kulitafuta, na kwa nini limejificha

Kabla ya yote, usiguse kitufe cha Forget, ambacho kwenye simu zilizowekwa Kiswahili mara nyingi husomeka Sahau. Wengi wakishindwa kuona nenosiri hudhani kwamba wakiuondoa mtandao na kuurudisha, simu itawaonyesha kilichokuwa kimeandikwa. Haionyeshi. Inafuta palepale, na kazi ya dakika moja inageuka kuwa safari ya kumtafuta mwenye ruta. Ile amri ya kuweka upya mipangilio ya mtandao nayo iache kwanza, maana inafagia mitandao yote ya Wi-Fi uliyowahi kuingia pamoja na vifaa vya Bluetooth ulivyounganisha. Nenosiri likishaandikwa mahali, hapo fanya utakalo.

La pili la kushika ni hili: simu ya Android inayojiunga yenyewe na Wi-Fi kila ukifika nyumbani inalo nenosiri lote, herufi kwa herufi. Halijapotea. Simu zinachotofautiana ni kiasi zinachokubali kukuonyesha, na kwa njia gani. Kwa hiyo kabla ya kuanza kuhangaika na programu za kupakua, tambua kwanza wewe umekwama wapi: kitufe hakipo kabisa, au kitufe kipo ila maandishi hayaonekani, au maandishi umeyapata lakini kifaa kingine kinayakataa. Kila hali ina chanzo chake.

Njia inavyotakiwa kwenda

Android 10, iliyotoka mwaka 2019, ndiyo iliyoleta njia rasmi ya kushiriki Wi-Fi kutoka kwenye mipangilio. Fungua Mipangilio, ingia Mtandao na intaneti, kisha Intaneti au Wi-Fi, gusa alama ya gia iliyo kando ya jina la mtandao, halafu Shiriki. Simu itataka PIN, mchoro au alama ya kidole. Ukishathibitisha, unatokea msimbo wa QR, ule mraba wenye vidoti vyeusi, na kwenye simu kama Google Pixel nenosiri limeandikwa chini yake kwa herufi za kawaida.

Kwenye Samsung unapitia Miunganisho, kisha Wi-Fi, unagusa gia, na alama ya QR iko chini ya skrini. Kwenye Xiaomi na Redmi unagusa tu jina la mtandao ulioungana nao na mraba unajitokeza. Tecno, Infinix na itel, ambazo zimejaa mikononi mwa watu Tanzania na Kenya, menyu zake hubadilika toleo hadi toleo, ila ukigusa jina la mtandao au alama iliyo kando yake, simu ikiwa ya Android 10 kwenda juu utakuta neno Shiriki au kimraba cha QR. Jina la menyu lisipofanana na nililotaja, tumia kisanduku cha kutafuta kilicho juu ya Mipangilio, andika Wi-Fi, inatosha.

Yaliyobaki ni ya aliyekwama.

Kitufe cha Shiriki hakipo

Anza kwa kuangalia toleo. Ingia Kuhusu simu, tafuta Toleo la Android. Ikiwa ni 9 au chini ya hapo, kwa simu nyingi kitufe hicho hakikuwahi kuwekwa, na hakuna mpangilio uliojificha utakaokileta. Xiaomi walikuwa na njia yao ya QR hata kabla ya Android 10, kwa hiyo mwenye Redmi ya zamani ajaribu kugusa jina la mtandao kabla ya kukata tamaa. Wengine ruka mpaka sehemu ya kompyuta na ruta hapo chini.

Toleo likiwa jipya na kitufe bado hakipo, tazama aina ya mtandao wenyewe. Mitandao ya vyuo na ofisi kubwa, kama eduroam, haina nenosiri moja la watu wote. Kila mtu huingia kwa jina lake la mtumiaji na neno lake la siri, yaani akaunti yake binafsi, na Android haishiriki mitandao ya namna hiyo kwa QR. Ni sahihi kabisa iwe hivyo, kwa sababu ukimpa mwenzako nenosiri hilo umempa na barua pepe yako ya chuo. Umelisahau? Nenda kitengo cha TEHAMA wakubadilishie.

Kundi jingine ni Wi-Fi za hoteli, uwanja wa ndege na migahawa zinazofungua ukurasa wa kuingiza namba ya simu au namba ya vocha. Hapo mtandao kwa kawaida uko wazi, hauna nenosiri la Wi-Fi. Ile namba uliyoandika ilikwenda kwa seva ya mwenye huduma kupitia ukurasa wa kivinjari, haikuhifadhiwa kwenye mipangilio ya Wi-Fi, hivyo huwezi kuikuta huko. Mtu anaweza kutafuta mpaka usiku kwa kutojua hilo.

Simu uliyopewa na mwajiri nayo inaweza kuwa imezuiwa na msimamizi wake. Na kama uko mbali na mtandao wenyewe, usiutafute kwenye orodha ya mitandao iliyo karibu. Shuka chini mpaka Mitandao iliyohifadhiwa. Kwenye simu nyingi unaweza kuushiriki ukiwa popote, hata kama umehama mji.

QR inaonekana lakini nenosiri halijaandikwa popote

Hili ndilo linalowasumbua watu zaidi, hasa wenye Samsung na Xiaomi. Mgeni mwenye simu atauskani mraba na kuingia, lakini televisheni haina kamera, printa haina, na kompyuta ya shangazi iko chumba kingine. Unahitaji herufi.

Habari njema ni kwamba nenosiri limo ndani ya mraba huo, na wala halijafichwa kwa kanuni yoyote. QR ni maandishi ya kawaida tu yaliyogeuzwa vidoti. Piga picha ya skrini, kisha ifungue kwa programu ya kusoma QR inayoonyesha maandishi yaliyomo. Simu nyingi zinayo tayari ndani ya kamera au galari, na Google Lens pia huyasoma. Picha ya skrini ikikataliwa, chukua simu nyingine uipige picha ile ya kwanza. Samsung wameweka kitufe cha kuhifadhi QR kama picha, kwa hiyo huko huhitaji hata kuhangaika.

Utakachosoma kitafanana na hiki:

WIFI:T:WPA;S:Nyumbani Juu;P:Chai\;Maziwa2019;;

Usiogope alama hizo. Herufi T inataja aina ya ulinzi, S ni jina la mtandao, P ndiyo nenosiri. Kila kipande kinaishia kwenye nuktamkato (;). Mpangilio wa vipande unaweza kutofautiana, S ikatangulia T, na mwishoni ukaona H:true kama mtandao umefichwa jina. Wewe shika P tu, soma kinachofuata mpaka kwenye nuktamkato inayofunga.

Hapo kwenye P ndipo pa kutuliza macho. Nenosiri likiwa na nuktamkato, nuktapacha, mkato, alama ya kunukuu au mkwaju wa nyuma (\) ndani yake, QR huweka mkwaju wa nyuma mbele ya alama hiyo ili msomaji asidhani kipande kimeisha. Mkwaju huo si sehemu ya nenosiri. Kwenye mfano hapo juu, nenosiri halisi ni Chai;Maziwa2019. Anayenakili kama alivyoona ataandika Chai\;Maziwa2019, na televisheni itamkatalia kila mara ilhali ameandika kile kile alichokisoma.

Njia nyingine, ukiwa na simu mbili, ni kuupitisha mtandao kwenye simu inayoonyesha herufi. Skani QR ya Samsung kwa Pixel, au kwa iPhone yenye iOS 16 kwenda juu. Ikishaungana, fungua maelezo ya mtandao kwenye simu hiyo ya pili na nenosiri utalisoma waziwazi. Kwenye iPhone ni Settings, Wi-Fi, alama ya i kando ya jina, kisha unagusa mstari wa nenosiri na kuthibitisha kwa uso au kidole.

Nasisitiza jambo moja hapa. Usipakie picha ya QR yako kwenye tovuti ya kusoma QR usiyoijua. Picha hiyo ni nenosiri lenyewe pamoja na jina la mtandao. Kwa sababu hiyo hiyo, ukimaliza ifute kwenye galari, na kama uliituma kwa WhatsApp hakikisha ilikwenda kwa mtu mmoja, haikudondoka kwenye kundi la mtaa.

Simu inadai PIN na PIN unayoingiza inakataliwa

PIN inayotakiwa ni ile ya kufungua skrini. Si ya laini, wala si ya kutolea pesa. Kama unatumia kidole tu na PIN umeisahau, jaribu kidole hapo hapo, kwa kawaida kinakubaliwa. Simu ikiwa ya mtu mwingine, mwenyewe aje aifungue. Ulinzi huu uliwekwa ili anayeishika simu yako dakika mbili mezani asiondoke na mtandao wa nyumba nzima, nami sioni sababu ya kuuzunguka.

Nenosiri umelipata, kifaa kingine kinalikataa

Kwanza jiridhishe kwamba ulilosoma bado linafanya kazi. Kwenye simu yenye mtandao huo, zima Wi-Fi, subiri kidogo, washa. Ikijiunga yenyewe, nenosiri ni la sasa na kosa liko kwenye uandishi au kwenye kifaa cha pili. Ikibaki imeandika kwamba mtandao umehifadhiwa tu bila kuungana, au ikakwambia uangalie nenosiri, basi kuna aliyelibadilisha kwenye ruta na simu yako imebaki na la zamani. Hutalipata la sasa kwenye simu hiyo hata uifungue vipi.

Kwenye uandishi, makosa ni yale yale kila siku. Sifuri na O kubwa. Moja, l ndogo na I kubwa. Kibodi kuanza na herufi kubwa bila kuulizwa. Nafasi inayojibandika mwishoni pale unapokubali neno lililopendekezwa na kibodi, au unaponakili kutoka kwenye ujumbe. Gusa alama ya jicho uone unachoandika. Nenosiri la kawaida la Wi-Fi ya WPA2, aina ya ulinzi iliyoenea, lina herufi 8 hadi 63, kwa hiyo ulilonalo likiwa na sita au saba, ujue kuna kipande kimedondoka.

Usitegemee kifaa kikwambie umekosea herufi gani, kwa sababu hakijui. Nenosiri lenyewe halisafirishwi hewani. Simu na ruta kila mmoja hufanya hesabu kwa nenosiri alilonalo na kulinganisha majibu, na jibu lisipolingana linakataliwa lote, uwe umekosea herufi moja au zote.

Kuna dalili ambazo watu huzisingizia nenosiri ilhali nenosiri halina kosa. Kifaa kikikwama kwenye hatua ya kupata anwani ya IP, yaani namba ambayo ruta hukipa kila kifaa, nenosiri limeshakubaliwa, kwani hatua hiyo huja baada yake. Hapo zima ruta uiwashe, au angalia kama ruta imejaza vifaa. Jina la mtandao lisipoonekana kabisa kwenye kifaa cha zamani, huenda mtandao huo uko kwenye masafa ya 5 GHz na kifaa kinasikia 2.4 GHz pekee. Ruta nyingi hutoa majina mawili, jaribu lile la pili. Ruta ikiwekwa WPA3 pekee, ulinzi mpya kuliko WPA2, simu na printa za miaka ya nyuma hazitaingia hata kwa nenosiri sahihi, mpaka mwenye ruta aweke mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Na hili la mwisho huwakanganya hata mafundi. Tangu Android 10, simu kwa kawaida hujitambulisha kwa kila mtandao kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya kubuni, si ile ya kiwandani. Ofisi au nyumba ambako ruta imewekwa iruhusu vifaa vilivyoorodheshwa tu, simu mpya itakataliwa ingawa nenosiri ni sahihi na anwani ya kiwandani iliandikishwa. Fungua maelezo ya mtandao, tafuta sehemu ya Faragha, chagua anwani ya MAC ya kifaa, kisha ungana upya.

Simu mpya, au mtandao umetoweka kwenye orodha

Ukihifadhi nakala rudufu kwenye akaunti ya Google, mitandao ya Wi-Fi huwa miongoni mwa vinavyohifadhiwa, na hurudi unapoiwasha simu mpya na kukubali kurejesha data mwanzoni kabisa. Aliyeruka hatua hiyo asiende kutafuta kwenye kidhibiti cha manenosiri cha Google, yale ni ya tovuti na programu. Nenosiri la Wi-Fi halimo humo. Simu ya zamani ikiwa bado inawaka, hata kama kioo kimepasuka, itoe kabatini uishiriki QR kutoka huko.

Android ya zamani: kiulize kifaa kingine

Simu ikikataa, kompyuta mara nyingi haina kinyongo. Kwenye kompyuta ya Windows iliyowahi kuungana na mtandao huo, fungua Command Prompt uandike amri hii, ukiweka jina la mtandao wako:

netsh wlan show profile name="Nyumbani Juu" key=clear

Shuka kwenye majibu mpaka mstari wa Key Content. Hilo ndilo nenosiri. Usipolikumbuka jina vizuri, andika kwanza netsh wlan show profiles upate orodha nzima. Kwenye Mac za matoleo ya karibuni, fungua mipangilio ya Wi-Fi, gusa vidoti vitatu kando ya jina, uchague kunakili nenosiri.

Programu za kuonyesha nenosiri, na habari za kuruti

Utakutana na programu nyingi zinazoahidi kukuonyesha manenosiri yote ya Wi-Fi kwa mguso mmoja. Kwa simu ya kawaida, hazina zinakoyatoa. Android huyaweka kwenye faili lililofungwa: zamani liliitwa wpa_supplicant.conf, tangu Android 8 ni WifiConfigStore.xml, na folda hiyo programu uliyopakua hairuhusiwi hata kuchungulia. Baadhi ya programu hizo huishia kukuonyesha matangazo tu. Nyingine ni za kugawana mitandao, yaani nenosiri la nyumbani kwako linapandishwa kwenye orodha yao ili wapita njia walitumie. Soma ruhusa zinazoombwa kabla ya kubonyeza kukubali.

Fundi naye anaweza kukwambia simu irutiwe, yaani ifunguliwe vizuizi vya mfumo ili kila faili lifikiwe. Ni kweli kwamba simu iliyorutiwa hufungua faili lile. Lakini ili kuiruti, simu nyingi zinadai kwanza kufungua bootloader, programu ndogo inayoiwasha simu, na kufungua bootloader kunafuta kila kitu kilichomo: picha, namba za watu, pamoja na hilo faili la Wi-Fi ulilokuwa unalitafuta. Utamlipa fundi akufutie nenosiri. Kama simu ilikuwa imerutiwa tangu zamani, sawa, lifungue faili. Kama haikuwa, achana na wazo hilo.

Mlango wa mwisho ni ruta

Geuza ruta uangalie chini. Kibandiko chake mara nyingi kina jina la mtandao na nenosiri la kiwandani, na nyumba nyingi hazijawahi kulibadilisha. Kwa vile vifaa vidogo vya mfukoni vya MiFi, fungua kifuniko, toa betri, utalikuta ndani.

Likiwa limebadilishwa, ingia kwenye ukurasa wa ruta kwa kifaa chochote kilichoungana, hata simu yako hiyo ya zamani. Anwani yake utaiona kwenye maelezo ya mtandao, mstari wa lango (Gateway). Zinazokutwa sana ni 192.168.1.1 na 192.168.0.1, na Huawei nyingi za kubeba hutumia 192.168.8.1, ilhali zile za faiba hutumia 192.168.100.1. Iandike kwenye kivinjari, ingia kwa jina na neno la msimamizi lililo kwenye kibandiko, tafuta sehemu ya Wi-Fi au WLAN, gusa jicho. Kumbuka neno la msimamizi ni tofauti na nenosiri la Wi-Fi, ingawa vyote viwili vimechapwa kwenye kibandiko kimoja.

Kile kitobo cha kubonyeza kwa pini kiogope, hasa kama ruta ni ya faiba na ilifungwa na kampuni ya intaneti. Kukibonyeza kunairudisha ruta ilivyotoka kiwandani, na kunaweza kufuta taarifa ambazo fundi wao aliingiza ili nyumba ipate intaneti. Utapata nenosiri jipya la Wi-Fi isiyokwenda popote mpaka waje tena. Piga simu kwa huduma kwa wateja kwanza, wengi wao wanaweza kulibadilisha wakiwa ofisini kwao.

Ikilazimu kubadilisha, jiandae kuliingiza upya kwenye televisheni, kamera, printa na simu za nyumba nzima. Na kama ruta ilirudishwa kiwandani lakini nenosiri la zamani umefanikiwa kulipata kutoka kwenye kifaa kimojawapo, irudishie ruta jina lile lile la mtandao, nenosiri lile lile na aina ile ile ya ulinzi, ukizingatia herufi kubwa na ndogo. Vifaa vyote vitajiunga vyenyewe bila kuguswa.